Nilipoingia Kabla ya Gitaa

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi. Nilisimama mbele ya maikrofoni katika studio ndogo ya kurekodia muziki, barabara ya River Road. Wimbo wangu huo wa kwanza kurekodiwa nilikuwa nimeuimba jikoni kwa mama, mtaani Makongeni, mpaka majirani wakaujua. Pale studioni koo liligoma.

Siku hizo, elewa, hakukuwa na kukata na kuunganisha sauti. Bendi nzima ilipiga pamoja, utepe wa kunasia sauti ukizunguka. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Nami kila nikisikia pumzi yangu imekwaruza kidogo tu, niliinua mkono: "Samahani, turudie."

Mpiga ngoma akacheka kwa uchungu. "Dada msomi, unaimba ama unasahihisha mtihani?"

Kisha fundi wa mitambo akagonga kioo. "Utepe uliobaki unatosha mara moja tu. Mkishindwa, nendeni nyumbani. Bendi nyingine inangoja mlangoni."

Mzee Mutiso, mpiga gitaa wetu, mchonga vinyago wa mtaa wa Majengo, alinionyesha vidole vyake. Nyuzi za gitaa zilikuwa zimevichana. Hakupaza sauti.

"Nafula, binti yangu, tangu tuingie humu unajisikiliza wewe tu. Sisi umetusikia?"

Utepe ukaanza kuzunguka na, kwa woga, nikaingia kabla gitaa halijamaliza utangulizi wake. Mkono ukaanza kuinuka wenyewe. Nikamtazama Mzee: alikuwa ameshanifuata, ameacha kipande chake kitamu alichokitunga kwa siku nyingi, na ngoma ikamfuata yeye. Nikaushusha mkono. Nikaimba hadi mwisho, nikiwasikiliza.

Santuri ile ilipopigwa madukani Umoja, watoto walianza kuimba palepale nilipoanzia mimi, wakidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Rekodi zangu zote zilizofuata zilianzia hapo.

Basi mwanangu, wewe unayekosa usingizi kwa kosa ambalo hata hujalifanya, nisikie. Ukiwa kazini na wenzako, wasikilize. Ukiteleza, usisimame, huenda kuna mtu kando yako ameshaacha kilicho chake ili akufuate, na ukisimama utamwacha peke yake. Mungu akufungue koo, akupe watu kama Mzee Mutiso, na siku wao wakiteleza, akupe sikio la kuwafuata.