Pinde Nilizochonga kwa Jina la Baba

Watu wa mjini hunikera wanapotaja upinde kana kwamba ni kitu kimoja. Kijijini kwetu Manga, nyumba ya baba ilikuwa na pinde za aina tatu, na aliyezichanganya alikuwa mjinga, hata angekuwa na mvi kichwa kizima.

Wa kwanza ulikuwa mrefu, wa mti mgumu, ukimfikia mtu mzima begani. Uzi wake ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe iliyosokotwa. Huo ulikuwa wa kuwindia na kulindia mifugo. Wa pili ulikuwa wa watoto wa kufukuza ndege kwenye mashamba ya wimbi: ufito, kamba ya katani, na mshale usio na chuma. Wa tatu ndio nilioupenda. Ulikuwa wa kutoa ng'ombe damu. Ulikuwa mfupi na mlegevu, na mtu asiyejua angedhani ni wa watoto. Mshale wake ulikuwa na chuma kifupi kama ukucha, na nyuma ya chuma ulizungushiwa uzi mnene ili usizame. Ukipiga mshipa wa shingo, damu inachuruzika kwenye kibuyu, unaziba jeraha, ng'ombe anarudi malishoni. Kuuchonga kulikuwa mtihani, maana ilibidi uupunguze mti nguvu bila kuuua.

Najua kwa sababu niliuchonga mimi.

Baba alianza kupoteza macho mwanzoni mwa miaka ya sitini, na baada ya muda hakuona hata kiganja chake. Watu waliendelea kuagiza pinde. Mtoto wa kiume hakuwa naye, na mimi, kifungua mimba, nilikuwa nimekwisha kutolewa shule. Basi tulifunga mlango. Mimi nilichonga, yeye alipapasa na kusema, "Hapa bado ni nene." Mwanamke hakuruhusiwa hata kugusa upinde, sembuse kuuchonga. Walioagiza walipokuja kuchukua walimsifu: macho yamekwenda lakini mikono ipo! Mimi nilikuwa pale pale nikiwamiminia uji. Nilikasirika, tena sana. Lakini baba alikuwa akigeuza uso kunitafuta na kutabasamu, na wakati ule niliona inatosha.

Alipofariki, ndugu yake, baba yangu mdogo, alikuja kubeba pinde zote hata matanga hayajaisha. Mrithi ni mwanamume, alisema. Ule mfupi alimpa mwanawe mdogo akafukuzie ndege.

"Baba mdogo, huo si wa ndege," nilimwambia. "Ni wa damu."

"Na wewe umejulia wapi mambo ya pinde?"

Nikanyamaza. Mama alikuwa akinikazia macho.

Kwa mama alibaki ng'ombe mmoja. Wazee walimwachia kwa kuwa ilikuwa aibu kumwacha mjane mikono mitupu. Maziwa ya ng'ombe huyo yalimlisha yeye na wadogo zangu wawili, na mboga ilipokosekana ndiyo tuliyoteremshia ugali. Hatukuwa na kitu kingine cha kutegemea.

Kisha mke wa baba mdogo akajifungua, akatoka dhaifu, na mumewe akataka damu ya kumpa nguvu. Majirani Wasabato walikuwa wameacha damu zamani. Sisi Wakatoliki tulikuwa bado tunaila kimyakimya. Ng'ombe wake mwenyewe hakutaka kumgusa, eti ana mimba. Akaja kwa wetu, asubuhi, na wanaume wanne. Mkononi alishika ule upinde mrefu, pamoja na mshale wa damu. Mtu mzima kama yeye angeonekanaje na kijiti cha watoto cha kuchezea?

Niliona kitakachotokea kabla hajavuta. Nilipiga kelele, mmoja wao akanisukuma kando. Mshale ukazama shingoni pamoja na uzi wote uliofungwa kuuzuia. Walibana, wakapaka kinyesi cha ng'ombe, wakafunga kamba. Damu haikusimama. Kabla ya saa sita ng'ombe alikuwa ameanguka.

Baba mdogo alijifuta mikono kwenye majani, akauinua upinde watu wauone. "Mnaona kazi ya kipofu? Marehemu alikuwa haoni alichokuwa akichonga. Upinde huu una kasoro."

Ningeweza kulivumilia hilo. Mpaka leo najiambia ningeweza. Lakini baba alikuwa kaburini, hatua chache kutoka pale, hana wa kumsemea.

"Hauna kasoro," nikasema. "Nimeuchonga mimi, na hizo zote. Kasoro ni mkono wako. Umechukua upinde wa kuwinda ukampigia ng'ombe."

Wote walinigeukia. Nilidhani watamtazama yeye. Kumbe yeye ndiye aliyefurahi.

"Basi mmesikia kwa kinywa chake," akawaambia. "Upinde umeshikwa na mwanamke. Ng'ombe angeponaje?"

Wale wanaume wakaguna kukubali. Mmoja alikuwa amebeba upinde wangu kwa miaka mingi, na kila mara aliusifu. Siku hiyo alitema mate chini. Nyama waligawana. Mguu wa nyuma ulikwenda kwa baba mdogo.

Mama alijua nilichokuwa nikifanya nyuma ya ule mlango; yeye ndiye aliyekuwa akifagia maganda ya miti. Nilimngojea aseme neno mbele yao. Alikaa kando ya ngozi iliyotandazwa, wadogo zangu wamemwegemea, na watu walipokwisha kuondoka akaniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukunyamaza?"