Vifungo Kumi vya Emlyn

Kaka yangu Cuthbert Heslop alikuwa fundi cherehani hapa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, miaka ishirini na minane, na nikisema fundi sizungumzii watu wa kubandika viraka. Kabla ya hapo alikuwa askari wa Gadi, vikosi vya walinzi wa mfalme, kikosi cha Coldstream, na Ugadi haukumtoka hata siku moja. Ukimwambia njoo saa nne, saa nne kasoro dakika tano keshasimama mlangoni, viatu vinang'aa. Akikukuta bado unatafuta soksi, anakutazama mpaka unajuta kuzaliwa.

Mume wangu, Emlyn Pugh, naye alikuwa Gadi, ila wa Wales. Agosti mwaka 1944 vikosi vyao vilipigana pamoja kule Normandi, Ufaransa. Kombora lilipomvunja Cuthbert paja, ni Emlyn aliyemburuta mtaroni akakaa naye mchana kutwa, risasi zikipita juu yao. Baadaye alikuja hospitali kumjulia hali, akanikuta kando ya kitanda. Ndivyo nilivyoolewa.

Mashemeji hao walitaniana miaka thelathini.

"Coldstream tumewazidi miaka mia mbili na sitini na tano," Cuthbert alikuwa akisema. "Nyie vitinda mimba mtatuambia nini, shemeji?"

"Kitinda mimba ndiye hubeba wakongwe wakishindwa kutembea. Mguu hujambo?"

Kila tarehe mosi Machi, Gadi wa Wales hula liki mbichi, mboga kali ya jamii ya kitunguu, kumkumbuka mtakatifu wao. Wachimba makaa wa huku kwetu hushindana kulima liki nene kama mkono wa mtu, na Cuthbert alikuwa akimtafutia Emlyn kubwa kuliko zote, kisha anavuta kiti na kumwangalia akitokwa machozi. "Tafuna, shemeji. Na majani yake."

Mapafu yalimchukua Emlyn Februari ya mwaka 1975. Aliomba jambo moja tu: azikwe na koti jekundu la kikosi chake, lenye vifungo vyake kumi alivyovitunza ndani ya kopo la tumbaku. Kwa Gadi, vifungo ndivyo kabila. Kikosi cha Grenadia hushona kimoja kimoja, Coldstream viwili viwili, na kuendelea hivyo mpaka Wales, vitano vitano. Emlyn alifia mbali na kwao, na aliogopa kuzikwa kama mtu asiye na kwao. Aliniambia hivyo waziwazi, akiwa amenishika mkono.

Cuthbert alishona siku tatu. Hakutaka msaada, na chakula nilichompelekea alikiacha kikapoa. Koti lilitoka zuri mno, sijaona jingine kama hilo.

Mazishi yalikuwa saa tano. Saa nne na nusu, gari likiwa getini, niliinama kumbusu mume wangu kabla ya jeneza kufunikwa. Macho yakatua kifuani pake. Viwili viwili.

"Cuthbert," nikasema, "umemfanya Coldstream."

Alitazama, rangi ikamtoka usoni. Akili yake ilikuwa kwenye msiba, na mikono ikashona ilichokizoea.

"Mkasi," akasema.

"Kaka, wazee wenzenu wa Gadi wamesimama nje ya kanisa, mvua inanyesha. Nani ataona? Kifuniko kinafungwa sasa hivi."

"Ningekuwa mimi humo ndani, yeye angeona. Nipe mkasi, Nora."

Akapiga magoti kwa mguu ule ule mbovu, akaanza kufumua. Bahati nzuri koti la maiti halina matundu ya vifungo. Mbele hushonwa moja kwa moja, vifungo hukaa juu kama pambo. Nilimtungia uzi kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni tena kitu kwa machozi.

"Mzee Heslop, tumechelewa," dereva akaita.

"Saa naijua. Subiri."

Nilimsikia kaka yangu akisema "subiri" kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilimpenda kuliko siku zote, na nilimwonea huruma, maana nilijua wanaomngoja kanisani ni watu wa aina gani.

Walikuwa kumi na wawili, wa vikosi vyote, wamelowa chapachapa, hakuna aliyekuwa ameegemea kitu. Mbele yao alisimama mzee Dunmore, sajini wa zamani wa Grenadia, ameshika saa yake ya mfukoni.

"Dakika arobaini, Heslop."

"Vifungo, Sajini. Nilivishona viwili viwili."

Hakuna aliyecheka.

"Na sasa?"

"Vitano vitano."

Dunmore akairudisha saa mfukoni. "Basi hata kesho tungesubiri," akasema, akaja kushika pembe ya mbele ya jeneza.

Nilikuwa sijalia tangu Emlyn akate roho. Hapo nililia.