Beseni Lililoshonwa kwa Kamba

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na umenikumbusha wewe mwenyewe, kwa sababu nimekuona sasa hivi unafuta picha ya mama yako kwenye simu. Eti amekaa vibaya na nyuma yake kuna masufuria. Weka hiyo simu chini kidogo. Chai bado ipo.

Miaka ile baada ya vita tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, nilikozaliwa, tukapata nyumba hapa Gihundwe, upande huu wa mpaka. Ng'ambo ya mto, Congo nayo ilikuwa imeshika moto. Mimi nilikuwa kijana mwenye kamera, na mtaa mzima ulijua nina kamera, maana nilihakikisha unajua. Niliivaa shingoni hata nikienda kuchota maji. Studio sikuwa nayo. Niliwapiga watu picha nyumbani kwao siku za Jumapili, kisha nikapeleka filamu mjini Kamembe kusafishwa.

Enzi hizo picha ilikuwa jambo la heshima. Mtu hapigwi hivi hivi. Anaoga, anajipaka mafuta mpaka uso unang'aa, anavaa kitenge kipya, na kama hana anaazima kwa jirani. Ukutani tunatundika shuka zuri kuficha nyufa. Mimi nilitembea na mfuko wenye maua ya plastiki na redio iliyokwisha kufa, ili mtu aiegemee kwa kiwiko aonekane ana mali. Usicheke. Mimi baba yako nilikuwa nikitafutwa mitaa yote kwa ajili ya redio ile.

Chini kidogo ya nyumba yetu aliishi Maman Bebe. Bebe alikuwa mwanawe, mtoto wake wa pekee, na kila tulipomsalimu mama huyo tulitaja jina la mtoto asiyekuwepo. Walikuwa wamekimbilia Congo pamoja, na kambi ya wakimbizi ilipovunjika watu wakatawanyika kuelekea msituni. Katika msongamano ule mkono wa mtoto ulimponyoka. Alitafuta mpaka akachoka, akarudi nyumbani na beseni la nguo kichwani, lile lile waliloondoka nalo.

Basi siku hiyo Maman Zawadi, aliyekuwa akivusha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenda kuuza Bukavu, akaleta habari. Kuna familia huko inalea msichana aliyeokotwa njiani wakati ule. Jina la mama yake hajui, anajua Maman tu. Kwao alikuwa akiitwa Bebe, na wewe unajua akina Bebe wako kila nyumba. Anakumbuka ziwa lilikuwa chini ya kwao, lakini ziwa hili linaonekana kutoka vilima vingi. Wanawake wengine walishakwenda kumdai, mtoto akawakimbia, akajificha. Mzee wa nyumba ile akasema hamtoi tena kwa maneno matupu. Mama mwenyewe kuvuka haiwezekani wakati huu, mpakani wanapita wachuuzi wenye vibali tu, basi alete picha, mtoto aitazame.

Maman Bebe hakuwa amepigwa picha tangu azaliwe. Akanijia.

Mwanangu, niliichukua kazi ile kama mtu aliyeitwa kumpiga rais picha. Nilimwazimia kitenge cha mama yangu, kile cha harusi. Nilibeba shuka, maua, redio, kila kitu. Nilimkuta uani anaosha sombe, majani ya muhogo. Akakigusa kitenge, akakisifu, akakikunja vizuri na kunirudishia mikononi.

"Unipige vile niko," akasema. "Mutoto wangu anajua maman wa jembe. Huyu wa kitenge hamujue."

Nikabishana naye, tena sana. Nikamwambia watu wa Bukavu watamcheka. Nikamwambia mtoto atatamani kurudi kwa mama nadhifu. Alipokataa nikasema basi angalau tuliondoe lile beseni mbele, maana lilikuwa limepasuka upande mzima, na yeye alilishona kwa kamba ya katani, mafundo yametuna ndani na nje. Akasema liache, lilikwenda na sisi. Mama yangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka juu, akaniambia nifunge mdomo nipige picha.

Nikapiga, nimenuna. Maman Bebe amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, na beseni la sombe ubavuni. Niliionea aibu picha ile hata nikamwomba Maman Zawadi asiseme nani aliipiga.

Maman Zawadi aliporudi kutoka Bukavu alipanda kilima hiki karibu anakimbia, kapu bado kichwani. Tukakusanyika uani kwa Maman Bebe. Akasimulia kwamba msichana alipewa picha akautazama uso wa mama, akatazama, asiutambue. Yule mzee akanyoosha mkono kuichukua. Hapo mtoto akaweka kidole juu ya beseni.

"Hii kamba inakwaruzaka mugongo," akasema.

Alikuwa akiogeshwa humo, unaelewa? Kila jioni mafundo yale yalimkwaruza mgongoni. Kidole kikatoka kwenye beseni, kikafuata mkono uliokuwa juu yake, kikapanda polepole begani, shingoni, mpaka usoni. Ndipo akasema Maman.

Maman Bebe hakulia. Aliingia ndani akatoka na beseni, akaketi, akapitisha vidole juu ya mafundo yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa nayatazama yale mafundo na kuogopa. Yote aliyopitia mtoto yule, njia, msitu, nyumba ya watu, yalikuwa yamemfutia hata uso wa mama yake, na mgongo ukakumbuka. Na mimi nilitaka kuliondoa beseni kwa sababu ni baya.

Njia ilipofunguka walimleta mpakani. Alikuwa amerefuka. Alipofika uani, beseni liko pale, akavua viatu akaingia humo, miguu ikaenea kwa shida, akaanza kucheka. Mama yake akachota maji akammwagia miguuni, akanigeukia, akasema, "Piga sasa."

Nikapiga papo hapo, hata lenzi sikuirekebisha. Ndiyo ile pale ukutani, yenye ukungu, uliyoniuliza kwa nini nisiitoe niweke nyingine iliyo safi.

Kwa hiyo nisikilize. Mkipanda moto, hizo pikipiki za abiria, kwenda kupigana picha penye hoteli kando ya ziwa, mnaegemea magari ya watu, nendeni, ujana ni wenu, na mimi nilikuwa na redio yangu. Lakini piga na hapa. Umpige mama yako vile alivyo, na masufuria yake, na ukuta wenye nyufa. Mtu akikukataza, mheshimu. Akikuruhusu, usimpange upya. Hujui ni kitu gani katika nyumba hii kitakachomtambulisha mtu kwao, na mimi pia sijui.

Mungu akutunzie macho, mwanangu. Awatunze wote walio chini ya paa hili, na atakayepotea kati yenu asikose njia ya kurudi. Sasa nenda jikoni, mama yako bado yuko na masufuria yake.