Mninga Ulioitwa Gugu

Kila nikipita kwa maseremala hapa Mpanda, harufu ya mninga unaorandwa hunirudishia uso wa baba siku ile, na dharau yangu kwake huamka upya.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, upande wa Ugalla. Mama alifundisha sayansi shuleni. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kupanda miti, basi baba akatuamuru wanafunzi tung'oe machipukizi yaliyojaa nyuma ya madarasa. Aliyaita magugu.

Jembe langu liligonga mzizi mnene kuliko mkono wangu, ilhali kijiti chenyewe hakikunifika hata magotini. Nilipoukata, ulitoa utomvu mwekundu ulionata vidoleni.

"Mwenyekiti, huo ni mninga," mama alimwambia mbele ya watu. "Kila mwaka moto unaunguza shina, wenyewe unakuza mizizi chini. Sasa umepata nguvu ya kurefuka. Uacheni."

Baba akawageukia wajumbe wake. "Nyie, mmesikia? Mke wangu anataka mgeni apigwe picha na vijiti."

Wakacheka, maana hawakujua kazi nyingine. Tukang'oa yote. Mgeni akapanda mkaratusi mmoja, akanawa kwa maji ya chupa, akaondoka; iliyobaki tukaipanda sisi wanafunzi. Kiangazi kilichofuata miche yote ilikauka, na baba akasingizia mbuzi.

Jioni aliposema hivyo, mama alimwekea ugali kama kawaida. Mimi nilimpita bila shikamoo. Aliinua macho kunikaripia, nikamtazama tu, mpaka akarudi kwenye ugali wake.