Mitungi Miwili kwa Alimasi, Mmoja kwa Aruna

"Sikukupa mitungi saba ya mawese ili unirudishie chekeche," Batuli alisema, na alisema kwa sauti ya kuwafikia hata wanawake waliokuwa wakianika samaki wadogo wa ndagala upande wa pili wa ufuko. "Nilikuletea mashua yenye ubao mmoja uliovunjika. Leo ubao uko mzima na maji yanaingia pahali panne. Hiyo ni kazi gani, Aruna?"

Fundi Aruna alikuwa ameketi juu ya gogo akila muhogo wa kuchoma, wala hakuacha kutafuna.

"Dada Batuli, mbao mupya inakunywa maji siku mbili tatu, halafu inavimba, inajifunga yenyewe. Iko muzima hiyo."

"Leo ni siku ya sita."

"Basi ngoja ya saba."

Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu zao wakacheka. Batuli aliwageukia, nao wakainama upesi kwenye nyuzi zao, maana ulimi wake ulijulikana Rumonge yote na hakuna aliyetaka zamu yake.

"Nataka uivute juu, uanze upya," alimwambia Aruna.

"Mtungi mmoja unatengeneza kilichovunjika. Ubao ulivunjika, ubao nimeweka. Maji ya kupita pembeni hayo mambo mengine." Aruna akafuta vidole kwenye shuka yake. "Ukitaka hayo mengine, kuna mzee huko chini anachukua mitungi miwili. Si unamjua?"

Alimjua.

Miaka ile Wadachi walikuwa wameshajenga boma lao Usumbura, askari wanakula, wafanyabiashara wanajazana, na mawese ya Rumonge yalipata bei huko kuliko popote pwani ya ziwa. Kwa hiyo kila mwenye chombo alikuwa na mawazo mawili kichwani, mzigo na fundi. Chombo kikivunjika msimu wa mawese, ukaanza kutafuta fundi siku hiyo, atakuuzia kila msumari kwa bei ya ng'ombe. Ndiyo maana watu walishika desturi ya mtungi wa mwezi. Kila mwezi ukiandama unampelekea fundi wako mawese, chombo kimevunjika au hakikuvunjika. Siku kikivunjika, anakitengeneza bila kukudai hata hela moja. Usipovunjikiwa mwaka mzima, mawese yako yameliwa, na wewe umekula usingizi.

Mafundi wa namna hiyo walikuwa wawili. Mzee Alimasi alichukua mitungi miwili. Aruna alichukua mmoja.

Batuli alianza kwa Alimasi, kwa sababu marehemu mume wake alikuwa kwa Alimasi. Mume huyo malale yalimlaza miezi mitano, akawa anasinzia na tonge mkononi, halafu hakuamka. Kabla arobaini haijatimia, ndugu zake walikuja kuizunguka mashua, wanaigonga gonga mbao kama watu wanaochagua mtungi sokoni. Walitaka iuzwe, wagawane, na mjane aingie nyumba ya mmoja wao akapike. Batuli aliwaambia atanunua mafungu yao. Walicheka. Alisafirisha mawese ya watu misimu mitatu, anakula muhogo mkavu, nguo moja kavaa mpaka ikawa wavu, akamlipa kila mmoja fungu lake mbele ya mashahidi. Tangu siku hiyo mashua ilikuwa yake, naye alikuwa mtu. Bila mashua angekuwa mpishi wa shemeji. Hilo alilijua kila asubuhi akiamka.

Nahodha wake alikuwa Asmani, rafiki wa marehemu, mwanamume mrefu wa maneno machache, aliyemwita shemeji ingawa yeye na marehemu hawakuwa ndugu wa damu. Alikuwa na mke, Sikujua, na watoto wanne.

Alimasi alikuwa na maudhi yake. Hakuamkia watu vizuri. Chombo kikiingia kwake hakitoki kabla ya siku kumi na nne, hata mwenyewe alie. Kwanza atakikausha, atang'oa pamba yote ya zamani katikati ya mbao, atatwanga pamba mpya na mawese na utomvu, ataishindilia kwa patasi na nyundo ya mti, taratibu, kama anamlisha mgonjwa. Akimaliza anakijaza maji chombo kikiwa hapo hapo juu ya mchanga, mchana na usiku. Maji yakitoka nje hata tone, anaanza tena. Watu walikuwa wakipita wanamtania.

"Mzee, wenzako wanatoa maji kwenye mashua, wewe unatia."

"Afadhali niyaone mimi hapa kuliko nahodha kule," naye anajibu, haangalii hata nani kasema.

Batuli alipiga hesabu. Mitungi ishirini na minne kwa mwaka kwa Alimasi, kumi na miwili kwa Aruna. Hiyo kumi na miwili inayobaki, ukiifikisha Usumbura, ni bati la nyumba, ni nguo, ni fungu la mbegu. Na Aruna alikuwa na maneno matamu, anakuja mpaka mlangoni kuuliza hali ya watoto wa jirani yako.

Asmani aliposikia anataka kuhama, alimfuata nyumbani.

"Shemeji, usitutoe kwa Alimasi. Kama mtungi wa pili unakuuma, huo nitautoa mimi."

"Kwa mshahara upi?"

"Huo huo unaonipa."

Alitoa mwezi wa kwanza. Alitoa wa pili. Mwezi wa tatu Sikujua alijifungua vibaya, mawese ya nyumbani yote yakaenda kwa mkunga na dawa. Batuli akatoa mitungi yote miwili kwenye ghala lake, na Asmani akasema atarudisha. Mwezi wa nne ulipoandama hajarudisha, Batuli alibeba mtungi mmoja akaupeleka kwa Aruna, akamaliza maneno. Ila deni hakulimaliza. Kila Asmani aliposhusha mzigo alimkumbusha, tena mbele ya mabaharia. "Nahodha, mtungi wangu bado unachemka?" Mabaharia walicheka. Asmani naye alitabasamu kidogo, kama mtu aliyepigwa jiwe dogo.

Miezi sita kwa Aruna mashua haikupata hata mkwaruzo. Batuli aliwacheka wenye vyombo wa kwa Alimasi, akawaita walezi wa mzee. Fundi ambaye hajapewa kazi anaonekana hodari sana. Mwezi wa saba mashua ikagonga kisiki cha chini ya maji karibu na Nyanza, ubao mmoja ukapasuka. Aruna aliichukua siku ya Ijumaa, akairudisha Jumanne, imepakwa mafuta na masizi inang'aa kama bibi harusi. Batuli alimsifu ufuko mzima. Siku nne.

Sasa yuko hapa, siku ya sita, na bibi harusi anavuja.

Alitoka kwa Aruna akashuka kwa Alimasi, na Asmani nyuma yake. Mzee alikuja mpaka kwenye mashua bila kuuliza kitu. Alichomeka ncha ya kisu katikati ya mbao, akavuta. Hakuvuta pamba. Alivuta kipande cha kaniki kuukuu, kimekandwa kwa udongo. Akakiweka kiganjani kwa Batuli, akahamia pahali pengine, akavuta kingine.

"Nitaichukua," alisema. "Miezi uliyokuwa kwa Aruna sikudai. Siku kumi na nne."

"Fundi, mzigo wangu unaondoka keshokutwa. Mitungi arobaini ya mtu, anaitaka Usumbura kabla ya soko. Akingoja siku kumi na nne ataupa mtumbwi mwingine, na mwakani hatanikumbuka jina."

"Sijakataza asikukumbuke. Nasema siku kumi na nne."

"Fanya nyufa hizi nne zinazovuja tu. Siku mbili."

"Nne umeziona wewe. Huyu fundi wako ametia vitambaa chombo chote." Alimasi akarudisha kisu kiunoni. "Mimi siwezi kuziba matobo manne halafu jina langu liende na maji."

Akaondoka. Batuli alibaki na vitambaa mkononi. Asmani alikuwa amechuchumaa, anapitisha kidole kwenye ufa, pole pole, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Shemeji, tungoje," alisema.

"Tungoje nini?"

"Tungoje mzee amalize. Mzigo utakuja mwingine."

"Wewe una mtungi wangu mwezi wa nane sasa," Batuli alisema, "na unanifundisha kungoja. Ukishanilipa utanifundisha."

Asmani aliosha kidole majini, akasimama.

"Basi nipe watu wawili wa kukumba maji na kuyamwaga nje, zaidi ya mabaharia."

"Mmoja. Wawili watakula faida yote."

Alimpa mmoja.

Waliondoka alfajiri ya siku ya tatu, ziwa limelala kama sahani. Batuli alisimama ufukoni mpaka tanga likawa jino moja jeupe upande wa kaskazini. Alijiambia kwamba mashua zinavuja, zimevuja tangu zamani, na kata za kukumbia maji zilitengenezwa kwa sababu hiyo. Alikwenda nyumbani akapanga jinsi ya kumrudia Alimasi baada ya safari hii, hata kwa mitungi miwili, hata mitatu.

Yaliyotokea alielezwa na baharia mmoja, kesho yake jioni, ameletwa na mtumbwi wa wavuvi wa Magara, midomo imepasuka. Upepo uliwapata karibu na Magara, si mkali sana, upepo wa mchana wa kawaida. Lakini mashua ilipoanza kuinama huku na huku, mishono ikafunguka upande mzima, vitambaa vinaelea ndani kama nguo za kufua. Mkumbaji alikuwa mmoja. Nahodha aliacha usukani akakumba naye. Maji yalipofika magotini alisema watupe mitungi. Mawese huelea. Mabaharia watatu na mkumbaji walishika mitungi iliyofungwa vizuri, kila mtu wake, mingine ikapasuka, ziwa likawa jekundu. Nahodha alikuwa bado anafungua kamba za mitungi ya chini ili wenzake wapate, na mashua ikazama naye.

"Mitungi ilitosha," baharia alisema. "Yeye hakuchukua."

Asmani alionekana siku ya tatu, mchangani, na watu wa Magara walimsalia na kumzika kwao, kwa sababu maiti isingeweza kungoja safari ya kurudi Rumonge. Mwenye mzigo alimwambia Batuli kwamba mambo ya ziwa ni ya Mungu, halafu akampa mtu mwingine mzigo wa msimu mzima. Aruna naye alikuja kutoa pole. Alipoulizwa na mtu kama mtungi wa mwezi unasaidia chochote hapo, alijibu kwa upole kabisa kwamba yeye hutengeneza kilichovunjika, na chombo kilichozama hakina kitu cha kutengeneza. Watu walingoja Batuli amjibu, maana walimzoea; yeye aliinuka akaenda kutia kuni jikoni.

Matanga yalikaliwa nyumbani kwa Sikujua. Batuli alikwenda siku zote tatu. Alikaa karibu na jiko, alichota maji, aliosha sufuria za watu. Wanawake walisogea kumpisha kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angejua la kufanya.

Siku ya kuondoa matanga, baada ya kisomo, mzee aliyesoma alisimama mlangoni akauliza kama inavyoulizwa siku zote, kama kuna anayemdai marehemu aseme, alipwe au asamehe, mtu asilale huko na mzigo wa watu. Mvuvi mmoja alisema alimdai ndoano tano, amesamehe. Jirani alisema alimdai kibaba cha chumvi, amesamehe.

Batuli alisimama kati ya wanawake. Alikuwa ameyapanga maneno tangu jana.

"Nilikuwa namdai mtungi mmoja wa mawese," alisema. "Nimemsamehe, duniani na ahera."

Hakuna aliyesema amina. Sikujua, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto wake mdogo mapajani, alimpa mtoto mwanamke wa pembeni, akaingia ndani. Alitoka na mtungi. Ulikuwa umejaa mpaka shingoni, umefungwa na jani la mgomba na kamba mpya. Akauweka chini mbele ya miguu ya Batuli.

"Dada," Batuli alisema, "nimesema nimesamehe."

"Nimekusikia, bibi." Siku zote Sikujua alimwita dada. "Mume wangu hakuomba kusamehewa. Mawese ya mtungi huu aliyakamua yeye mwenyewe wiki ile ya safari. Alisema, 'Nikirudi nitampelekea shemeji mtungi wake, nimechoka kuchekwa ufukoni.' Amerudi hivyo alivyorudi. Chukua."

"Una watoto, Sikujua."

"Ninao. Ndiyo maana uchukue. Wakikua, asiwepo wa kuwaambia baba yao alikufa na deni lako."

Mzee mlangoni alitazama chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba deni limelipwa na mashahidi wapo.

Batuli alikunja kanga yake ikawa kata ya kichwani. Akainama. Mtungi uliojaa mwanamke hajitwishi peke yake, hiyo kila mtoto anajua, lazima wa pili ashike upande. Alingoja kidogo akiwa ameinama hivyo, mikono miwili kwenye shingo ya mtungi. Wanawake walikuwa wengi uani, mmoja anakoroga uji, mwingine anakunja mikeka, Sikujua amerudi kukaa na mtoto wake.

Akauinua mwenyewe. Ulipofika begani jani lililegea, mawese yakamshuka shingoni mpaka kwenye nguo, mekundu, na alisimama nao mpaka ukatulia kichwani. Kisha akapita mlangoni taratibu, shingo imenyooka, akashika njia ya nyumbani.