Nilivyomfundisha Kapera Kugombana na Mke

Wajukuu wangu hudhani niliingia televisheni kwa sababu nilikuwa mzuri. Nilikuwa mzuri, sikatai, lakini niliingia kwa sababu ya benchi langu.

Miaka hiyo ya sabini tulikuwa tukikaa chumba kimoja cha nyumba za baraza la mji, huku Eastlands: mimi, mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe nyuma ya pazia. Nilikuwa napakia biskuti kiwandani, naenda na kurudi kwa miguu. Mume wangu alikuwa fundi wa gereji. Kikundi cha michezo ya kuigiza kilikutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa, na siku moja wakachukua benchi langu mlangoni bila hata kupiga hodi. Nikawafuata. Niliwasema mpaka wakakosa pa kuweka macho. Nilipomaliza, mwelekezi wao hakuomba radhi. Alisema, "Mama, hebu rudia vilevile, ila ugeukie huku."

Kumbe walikuwa wakiigizia televisheni, basi nikawa mke katika mchezo wao. Mke ana kazi, ana watoto, ana mume msumbufu. Kusoma sikujua sana, niliishia darasa la tatu, lakini kusoma hakukuhitajika. Mwelekezi alitusimulia kisa kwa mdomo, hapa mnagombana, hapa mnanyamaza, na maneno tulijitungia wenyewe. Aliyepewa kuwa mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole, kapera. Siku ya kwanza ya kugombana alinitazama kama mtu aliyepotelewa na ufunguo.

"Mama, mimi sijaoa. Mume akikasirika husema nini?"

Hapo ndipo nilipokosea. Kwani nilikuwa na waume wangapi wa kuchagua? Nikampa maneno ya wangu. Nikamwambia: unaingia, unakohoa mara mbili mlangoni, unatupa koti kitini, hulitundiki. Unaulizia chakula kabla ya kuulizia watoto. Kisha unasema, "Mwanamke akishika mshahara, mwanamume hushika tama."

Hayo maneno ya mwisho mume wangu aliyatunga mwenyewe. Aliyasema tangu nilipoanza kazi, kila nikichelewa, kila wali ukiungua, na aliyasema kwa sauti. Kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba. Mtaa mzima uliyajua kama ulivyojua king'ora cha kiwanda.

Kapera aliyashika haraka. Walimu ndivyo walivyo.

Tulirekodi Jumamosi, mchezo ukaonyeshwa Jumatano jioni. Televisheni ilikuwa moja, pale ukumbini, ndani ya kabati la mbao lenye kufuli. Mume wangu alitangulia, akaketi mbele na wenzake wa gereji, akaniita nyota mbele za watu. Kisha kapera akatokea. Akakohoa mara mbili. Akatupa koti. Watu wakaanza kugeuka. Aliposema lile neno la tama, ukumbi ulilipuka, na mzee mmoja alicheka mpaka akatoka machozi, mkono wake uko begani kwa mume wangu.

Kesho yake gerejini wenzake walimsalimu kwa viganja mashavuni. Vijana wa bombani nao: "Niaje, mzee wa tama!" Mume wangu hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya. Alinyamaza siku tatu, akila huku akitazama ukuta. Siku ya nne akasema, "Umenivua nguo mbele za watu. Uache huo mchezo, au mimi nitafute chumba kwingine."

Mama mkwe akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Baba yako alikuwa na neno lake kama hilo. Mimi nililimeza mpaka tukamzika. Sikuwa na televisheni."

"Mama, usiingilie."

"Nimeingilia wapi? Niko kitandani kwangu."

Nilikuwa na jibu la ukali mdomoni. Lakini nikamtazama vizuri nikaona hana hasira, ana aibu, na mtu mwenye aibu anaweza kuhama kweli. Sikutaka ahame. Wala mchezo sikutaka kuuacha. Tangu niolewe nilikuwa sijapata kitu changu ambacho hakipikwi wala hakifuliwi. Basi nikamwambia ukweli.

"Jumamosi hii ndiyo mke anaondoka."

"Anaondoka aende wapi?"

"Kwao. Na watoto."

Akaweka kijiko chini. "Na mume anasema nini?"

"Hajui. Yule kijana anangoja nimpe maneno."

Akasukuma sahani kando. Nje jirani alikuwa akikung'uta mkeka, pa, pa, pa. Nilidhani mazungumzo yameisha.

"Mwambie asimwache aende."

"Amzuieje?"

"Aseme... asubuhi yeye ndiye atawavalisha watoto. Mke awahi kazini, asifungiwe geti tena."

Nikashangaa amejuaje. Kiwandani ukichelewa geti linafungwa, na siku yako imekwenda. Nilikuwa nimefungiwa mara mbili mwezi ule, na mume wangu sikumwambia, ila mama yake tu. Nilikwenda kukaa sokoni mpaka saa ya kurudi. Nyuma ya pazia kitanda kikalia kidogo, nikajua nani alisema.

"Aseme pia kwamba amekosa?" nikamchokoza.

"Hilo asiseme. Achukue karai, afue sare ya mtoto. Mke ataelewa, si ana akili?"

Jumamosi nikampa kapera maneno yake. Mwelekezi akakataa, kisa kinasema mke anaondoka. Nikamuuliza, "Wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Umewahi kufua sare?"

Akaagiza karai, nami nikahesabu ni ruhusa. Kapera alifua kama mtu anayetwanga mahindi, povu likajaa sakafuni. Nikasimama mlangoni na mzigo wangu kichwani, sijui nicheke ama nilie. Nikautua.

Jumatano mume wangu hakukaa mbele. Alisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani. Karai lilipotokea, wanawake wakapiga vigelegele kama harusini. Nikageuka kumtafuta. Hayuko. Nilirudi nyumbani mbio, khanga inanidondoka, nikiona mbele yangu chumba kitupu. Nikasukuma mlango. Koti lake lilikuwa msumarini, limetundikwa.

Jumapili asubuhi alichukua karai langu na sare ya kifungua mimba wetu, akaenda bombani, saa ile ile wanawake wote wako huko. Nilimtazama dirishani. Mmoja wao hakuweza kujizuia.

"Baba, siku hizi unamwiga yule wa televisheni?"

Mume wangu hakuinua kichwa. "Yule ndiye ananiiga mimi."

Wakacheka, lakini wakamsogezea sabuni.

Alifua vibaya. Kola ilibaki nyeusi kama mkaa. Jumatatu alimvalisha mtoto mwenyewe, vifungo vikapishana, na mama mkwe akataka amvue ile sare airudie kuifua. Nikamwambia, mama, mwache aende hivyo hivyo, mtaa uone. Nikafunga khanga yangu nikatoka. Siku hiyo nilifika kiwandani askari bado anatafuta ufunguo wa kufungulia geti.