Barua ya Kwanza kwenye Kompyuta

Juzi, mjini Homa Bay, mkurugenzi wa kikundi kinachopiga filamu vijijini alitutambulishia mfanyakazi mpya, msichana wa kuwajibu kwa kompyuta watazamaji wa ng'ambo. Tukampigia makofi.

"Hebu tusomee barua moja," mkurugenzi akamwambia.

Akasoma: "Yule dada muuza dagaa wa omena kwenye filamu yenu anaendeleaje?"

Mama mmoja kati yetu akainua mkono kama mtoto wa shule. "Huyo ni binti yangu. Mwambie tulimzika kwetu Ndhiwa mwezi jana. Watoto wake wanne niko nao mimi."

Mkurugenzi akamwinamia msichana. "Andika anaendelea vizuri. Wafadhili wanasoma."

Msichana akaandika. Ng'ambo watalala usingizi. Lakini wale watoto wanne, nani atawaandikia kwamba mama yao anaendelea vizuri?